Kliniki za sukari mtuulize kuhusu mzambarau, msitufokee

Mhariri, kamwene.

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo huku kwetu Mbeya linazidi kukua, ni hii habari ya mzambarau na ugonjwa wa sukari. Ukipanda kosta ya Tukuyu au ya Kyela, kabla gari halijajaa lazima apande jamaa na begi lake, anasalimia abiria kwa adabu, anaomba dakika mbili tu za mheshimiwa dereva, halafu anaanza, mbegu za zambarau zilizosagwa, kijiko asubuhi kijiko jioni kwenye maji ya vuguvugu, sukari inashuka, ganzi ya miguu inaisha, macho yanarudi, nguvu za kiume zinarudi, na anamalizia na maneno ambayo ndo yamenifanya nishike simu niandike hii barua, kwamba ukimaliza makopo matatu kliniki utaisahau.

Sina ugomvi na mzambarau. Wengi wetu tumekua tukiuokotea chini, ulimi umegeuka rangi, shati la shule limechafuka na nyumbani fimbo inakusubiri. Mi kwetu ni Mafinga, nimeolewa Kyela, naishi Ilomba, na kote huko nimeikuta mizambarau, kwenye misheni, kwenye shule za zamani, kwenye maofisi ya serikali, mpaka mtu anaweza kudhani ni mti wetu wa asili. Kumbe ulitoka India na nchi za Asia ya kusini mashariki. Na ukoo wake ni mkubwa, ni ndugu na mpera, ni ndugu wa karibu kabisa na mkarafuu wa Zanzibar, na hata ile milingoti iliyojaa Mufindi kwetu ni ukoo huo huo. Mzambarau ukitoa maua, vile viua vyeupe vyenye nyuzinyuzi, mti mzima unavuma nyuki.

Sasa hii dawa yenyewe haijazuliwa na wauza makopo wa stendi. Kule India waganga wao wa jadi wanatumia mbegu ya zambarau kwa mtu anayekojoa mkojo wenye sukari tangu zamani sana, na karne ya 19 madaktari wa Ulaya nao waliichukua wakawa wanawapa wagonjwa wao, maana kipindi hicho hawakuwa na kitu kingine cha maana cha kuwapa. Kwa hiyo mtu akisema wanaotumia zambarau ni washamba, huyo hajui historia. Mi nakasirika sana nikisikia watu wanadharauliwa kwa jambo hili.

Nakasirika kwa sababu nimeliona ndani ya nyumba yangu. Mama mkwe wangu ana sukari, tunaishi naye, anahudhuria kliniki na anameza metifomini na glibenklamidi, vidonge vya kushusha sukari. Wifi yangu alimletea gome la mzambarau kutoka nyumbani, mama akawa anachemsha na kunywa kikombe kila asubuhi. Siku moja ameamka kameza vidonge vyake, kanywa gome, chakula hajagusa eti hasikii njaa. Nikamkuta amekaa kwenye ngazi jasho linamtiririka, anatetemeka, ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki. Tukapima sukari, ikasoma 2.4, imeshuka mno. Tukamkorogea sukari kwenye maji akanywa, akarudi kidogo, tukakimbilia hospitali, na tulifanya vizuri kukimbia kwa sababu tulielezwa kwamba glibenklamidi inakaa mwilini muda mrefu, mtu mzima anaweza kuzinduka ukafurahi halafu baada ya saa kadhaa sukari ikashuka tena, hasa kama figo zake zimechoka.

Siwezi kusema ni gome peke yake, hakula, na vidonge vyenyewe vinaweza kushusha namna ile bila msaada wa mti wowote. Ila ninachotaka msomaji akione ni hiki. Kliniki walikuwa hawajui habari ya gome. Hawakujua kwa sababu mama hakuwaambia. Na hakuwaambia kwa sababu kabla ya hapo, kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, alitoa chupa yake kwenye kikapu amuulize nesi kama inafaa, akafokewa mbele ya benchi zima la wagonjwa, kwamba kama mnajua kujitibu mnakuja kufanya nini hapa. Mama wa watu, mzee, ana wajukuu, anafokewa kama mtoto aliyeiba andazi! Tangu siku hiyo chupa haikutoka tena kwenye kikapu. Aliendelea kunywa, ila kwa siri.

Huu ndo ujumbe wangu, na wahudumu wa kliniki za sukari kuanzia Hospitali ya Kanda hapa Mbeya mpaka zahanati za kule Makete naomba waupokee kwa moyo mzuri. Mgonjwa anatumia. Yule uliyemfokea anatumia na yule anayekuitikia "ndiyo dokta" naye anatumia. Ukimfokea haachi, anaficha, na akificha wewe unaona sukari yake imesoma 5 unafurahi unadhani ni dozi yako, au imesoma 19 unamuongezea dozi kumbe kaacha vidonge yuko na makopo, halafu siku akivirudia vyote kwa pamoja na ile dozi mpya ndo tunapoteza mtu. Swali ni moja tu na halichukui hata dakika, mama unatumia dawa gani nyingine za kienyeji, kiasi gani, na saa ngapi? Kisha uandike kwenye daftari lake. Mbona shinikizo la damu mnaandika, mbona uzito mnaandika.

Nije kwenye swali ambalo kila mtu ananiuliza, je inafanya kazi? Kwa panya wa maabara, mbegu za zambarau zimeonekana kushusha sukari kwenye tafiti nyingi tu, hilo halina ubishi. Kwa binadamu hadithi ni tofauti. Kusini mwa Brazil, ambako nako mzambarau umeenea na watu wanakunywa chai yake kwa ajili ya sukari kama sisi, watafiti waliamua kupima kweli, matokeo wakayatoa 2006. Walichukua wagonjwa wa kisukari aina ya pili wakawagawa makundi matatu, wengine wakapewa chai ya majani ya mzambarau na kidonge cha bandia kisicho na dawa ndani, wengine chai ya bandia na glibenklamidi, wengine vyote bandia, na mgonjwa mwenyewe hajui kapata nini. Waliopata glibenklamidi sukari ilishuka, ya waliokunywa chai ya mzambarau haikushuka. Sasa yale ni majani siyo mbegu, na wagonjwa hawakufika hata thelathini, kwa hiyo mtu asinijie hapa kwamba kesi imefungwa. Kesi haijafungwa. Lakini kama haijafungwa, yule jamaa wa kwenye kosta kapata wapi ujasiri wa kumwambia bibi wa watu aisahau kliniki?

Na naomba wasomaji mjue kwamba hospitali wenyewe wanakula kwenye sahani ya miti. Hiyo metifomini ambayo karibu kila mgonjwa wa sukari anaimeza chanzo chake ni mmea unaitwa galega, jamii ya kunde, ulikuwa unatumika Ulaya kama dawa ya kienyeji, wataalamu wakachunguza kilichomo ndani, wakakuta ni sumu, wakatafuta ndugu yake asiye na sumu, na 1957 daktari mmoja Mfaransa, Jean Sterne, ndo akatoa taarifa kwamba ameitumia kwa wagonjwa ikashusha sukari. Halafu kuna hizi dawa mpya ghali zinazofanya figo zitoe sukari kwenye mkojo, zimetokana na kitu kilichopatikana kwenye magome ya mti wa epo, yaani tufaha, mwaka 1835! Epo hizi hizi wanazolima ndugu zetu Njombe na Makete. Kutoka gome mpaka kidonge imepita miaka zaidi ya 170. Kwinini ni gome pia, na dawa mseto tunayomeza kwa malaria chanzo chake ni majani ya mmea wa artemisia.

Kwa hiyo mzambarau unaweza kuwa na kitu, mimi natamani uwe nacho. Fikiria mti unaoota wenyewe pembeni ya choo cha shule ungetoa dawa ya bei ya chumvi, nani angekataa? Taifa hili lina kitengo cha utafiti wa dawa asili pale Muhimbili tangu 1974, siku hizi ni taasisi kamili, tuna watu wamesomea, na huku nyanda za juu tuna miti na tuna wagonjwa. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta kama asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64 wana sukari ya juu, yaani karibu mmoja kati ya kumi na moja, kaa kwenye kosta iliyojaa uhesabu mwenyewe. Tunataka kazi ifanyike kwa mbegu zetu, kwa watu wetu, kwa vipimo, ili tujue kijiko kimoja ni nini.

Maana kijiko cha nani? Kuna anayeanika mbegu kivulini akasaga, kuna anayezikaanga kwanza, kuna wanaotumia gome, kuna wanaochanganya na mlonge na mwarobaini na mdalasini, kila kopo na mambo yake. Gome ndo linaniuma zaidi, wanamenya mti kuzunguka shina lote, baada ya muda mti umekauka umesimama, kuna miti mikubwa ya tangu wakoloni imekufa hivyo hivyo.

Na kuna kitu kingine ambacho watu hawakijui kabisa. Mwaka 2008 kule Singapore hospitali zilianza kupokea watu waliozimia kwa sukari kushuka wakati hata kisukari hawana, walifika kama 150 ndani ya miezi michache, na wanne wakafa. Walipochunguza wakakuta wengi wao walikuwa wametumia dawa za kuongeza nguvu za kiume zinazouzwa mtaani kama za asili, na ndani yake kuna glibenklamidi, ile ile ya mama mkwe wangu, tena kwa kiwango kikubwa. Sisemi kopo lolote la hapa Mbeya limechanganywa, sina maabara. Nasema kwamba unga wa kahawia hauna macho, mtu akiniambia kopo lake linashusha sukari kutoka 20 mpaka 6 kwa siku mbili mimi sishangilii, nataka lipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali likapimwe kuna nini. Sheria tunayo, ya tiba asili na tiba mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, ndo iliyoanzisha Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Basi ukiuziwa kopo omba kuona namba ya usajili. Wale waganga wa kweli waliosajiliwa hawachukii ukiuliza, na nawajua baadhi hapa hapa mjini ambao mgonjwa wa sukari akija kitu cha kwanza wanamuuliza umepima lini, hawa wanastahili heshima na wanaharibiwa jina na wapiga kelele wa kwenye magari.

Sasa naomba nisikilizwe vizuri hapa, wazazi hasa. Kuna sukari za aina mbili kubwa na watu wanazichanganya. Hii ya watu wazima kama mama, aina ya pili, mwili bado unatengeneza insulini, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, lakini haitoshi au haifanyi kazi vizuri, mtu akiacha dawa anaweza kutembea miezi anaona yuko fiti huku macho, figo na miguu vinaharibika taratibu. Ya watoto na vijana, aina ya kwanza, mwili umeacha kutengeneza insulini kabisa. Huyu akiacha sindano ni suala la siku chache tu, damu inajaa asidi, anatapika, anapumua kwa nguvu na harakaharaka, pumzi inanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, watu wanasema karogwa, wanampeleka kwa maombi au kwa mtaalamu, na anakufa. Kabla ya Januari 1922, pale Toronto nchini Kanada alipochomwa sindano ya insulini mtoto wa kwanza, kijana wa miaka 14 anaitwa Leonard Thompson, watoto wote wa namna hii walikuwa wanakufa, na ile mbegu ya zambarau ilikuwepo miaka yote hiyo India na Ulaya na haikuwaokoa. Mzazi mwenzangu wa Chimala, wa Ileje, wa Ludewa, kama mtoto wako anachoma insulini usikubali mtu yeyote akuambie aache, hata kama ni mjomba wake, hata kama ni mchungaji, hata kama kopo ni la bure.

Tusisahau na 2011. Nchi nzima ilielekea Loliondo, kijiji cha Samunge, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kikombe cha dawa yake shilingi 500, foleni ya magari kilomita na kilomita, mawaziri na wakulima wamekaa foleni moja. Sitaki kumsema marehemu. Ila kuna watu wa sukari na wa virusi vya Ukimwi waliporudi wakaweka dozi kabatini wakisubiri kuona, na nadhani kila mtaa hapa una hadithi yake ya mtu aliyesubiri.

Nirudi kliniki, maana kwa kuwafokea wauzaji peke yao hatufiki. Kwa nini watu wanakimbilia kopo? Mtu katoka Matema saa kumi usiku, kafika kakaa kwenye benchi, kaonana na daktari dakika tatu, kaambiwa punguza wanga. Apunguze wanga anaishi Kyela! Kalima mchele maisha yake yote, ukimwambia apunguze wali bila kumwambia ale nini badala yake na kiasi gani cha huo huo wali kinafaa, umemwambia asiishi. Rungwe ni ndizi, Njombe ni viazi, Iringa ugali na ulanzi, ile pombe ya mianzi, na ulanzi mbichi ule mtamu watu wanaunywa kama maji hawajui kwamba ni sukari. Vijiti vya kupimia ni vya kununua na vinakwisha haraka. Yule muuza makopo anakaa na mgonjwa, anamsikiliza, anamshika mkono, anamwita mama, anamwambia atapona. Hospitali inamwambia hii ni ya maisha. Hospitali ndiyo inayosema kweli, ila kweli hiyo inasemwa kwa haraka na kwa sauti ya kuchoka, na najua manesi wenyewe wamechoka, ni wachache na foleni ni ndefu, siwalaumu kwa hilo.

Kuna daktari mmoja kijana tulikuja kumpata baadaye, alimuuliza mama kwa upole, mama na hili gome unalichemsha muda gani? Mama akashangaa, akamwambia kila kitu, mpaka lile la wifi na la unga mwingine ambao hata mi nilikuwa siujui. Kijana akaandika, akasema mama mi sikukatazi kwa nguvu ila nakuomba tufanye hivi, uache vyote viwili kwanza, umeze vidonge vyangu na chakula, usimeze kabla hujala, tupime asubuhi tuone vidonge peke yake vinafanya nini, ukitaka kurudia gome uniambie kabla siyo baada. Akamuandikia na kipimo kile cha damu kinachoonesha sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, ili asidanganywe na kipimo cha asubuhi moja. Mama alikubali bila shida. Mpaka leo hajarudia gome, siyo kwa kukatazwa, anasema alijiona mwenyewe kwenye daftari namba zimetulia.

Kwa wasomaji wenye mgonjwa nyumbani, mgonjwa anayemeza glibenklamidi au kuchoma insulini asinywe kitu chochote cha kushusha sukari juu yake bila kliniki kujua, na asikae bila kula. Akianza kutoka jasho, kutetemeka, kuongea ovyo au kukasirika bila sababu, kama mashine ipo mpime, kama haipo mpe maji ya sukari au soda ya kawaida hapo hapo halafu chakula, na umpeleke hospitali hata kama amezinduka. Kama amezimia usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa, kimbia naye. Na ukienda kliniki beba kopo lenyewe, beba na gome, weka mezani mbele ya daktari.

Na wewe mhariri nakuomba jambo moja, mtume mwandishi wako apande hizo kosta za Tukuyu na Kyela, anunue makopo mawili matatu, aende Baraza la Tiba Asili akaulize kama yamesajiliwa, aende na kwa Mkemia Mkuu akaulize utaratibu wa kupima ukoje, halafu majibu myachapishe ukurasa wa mbele tusome wote.

Ndaga fijo.

Msomaji wenu,
Ilomba, Mbeya